Tulisimama Kila Siku Saa Tatu

Kazi yangu ya kwanza ya maana jijini Nairobi niliipata kwa sababu ya jibu la mtu mwingine. Mkaguzi wa dawa kutoka serikalini alifika kwenye kiwanda kidogo cha dawa ya kikohozi kule Westlands, akamwita mpishi wa dawa kando, akampa karatasi za maagizo ya kazi. Zilikuwa kurasa sita za Kiingereza, na chini ya ukurasa wa mwisho palikuwa na sahihi ya mpishi mwenyewe. Mkaguzi akamwomba aeleze zinasema nini. Mpishi akazigeuza, akazigeuza tena, akamrudishia.

"Hiyo ni ya ofisi, bosi," akasema. "Yangu iko kwa kichwa."

Ripoti iliyofuata iliagiza kwamba maagizo na rekodi zote za kiwandani ziandikwe kwa lugha anayoielewa yule anayefanya kazi. Ndipo mwenye kiwanda akatafuta mtu wa Kiswahili, akanipata mimi. Nilikuwa nimemaliza chuo na shahada ya Kiswahili, nakaa Ngara katika chumba kilicho juu ya duka la jumla la ndoo na mabeseni, na kutwa nzima nawasahihishia watu sarufi bila kuombwa.

Niseme wazi kwamba huo ulikuwa ugonjwa. Mtu akisema "kitu yangu" nilihisi jino likiniuma. Siku moja muuza ndizi wa pale Ngara aliniita: "Customer, kuja, hizi ni za shamba yangu." Nikamwambia, "Shamba langu." Akaniangalia juu mpaka chini. "Kama ni lako, enda ulime." Tangu siku hiyo hakuniuzia ndizi, na mimi sikurudi nyuma hata hatua moja, nikawa nanunua ndizi mbali na kwa bei mbaya. Huyo ndiye mtu aliyekabidhiwa rekodi za dawa za watoto.

Kiwandani waliniita Mwalimu kabla sijamaliza wiki. Mwenye kiwanda tulimwita Mzee. Alikuwa Mhindi aliyezaliwa Ngara enzi za baba yake, akahamia Muthangari mambo yalipomnyookea, na Kiswahili chake kilikuwa na kanuni zake ambazo mimi sikuzisoma popote. Siku ya kwanza aliniambia, "Wewe andika mzuri. Hapana andika mrefu." Nililala vibaya siku hiyo. Mpishi naye alikuwa mtu wa magharibi ya Kenya, mwenye mwili mkubwa na sauti ndogo, na alikuwa amepika dawa katika kiwanda hicho tangu ujana wake. Tangi la chuma la kuchemshia dawa, lililoagizwa ng'ambo na lenye saa na mabomba ya kila aina, yeye aliliita sufuria. Baada ya muda sote tukaliita sufuria, na hata mimi nikaandika hivyo.

Halafu akaja Binti. Huyu alikuwa mtoto pekee wa Mzee, amesoma na kufanya kazi ng'ambo miaka kadhaa kwenye kampuni ya kutengeneza programu za kompyuta, na alirudi na masanduku mawili. Moja lilikuwa la nguo. Lingine lilijaa vikaratasi vya manjano, vile vya kunata.

Wakati huo Westlands ilikuwa inaota maghorofa. Kushoto kwetu palikuwa na shimo lenye winchi, kulia palikuwa na shimo lenye winchi mbili, na katikati tulikuwa sisi na moshi wetu wa sukari. Kuna bwana mmoja alikuwa anakuja kila mwezi kumwomba Mzee amuuzie kiwanja. Mzee alichoka kumkataa. Basi akamwambia Binti mbele yetu sote, ili asipatikane mtu wa kusema hakusikia: leseni ya kiwanda inaisha mwaka huu, na dawa ile chungu ya zamani haina mnunuzi tena. Atengeneze dawa mpya ya watoto. Mkaguzi akija akaipitisha pamoja na leseni, kiwanda ni chake. Mkaguzi akikataa, kiwanja kinauzwa.

"Kikiuzwa mimi nitapika nini?" mpishi aliniuliza baadaye, akikwangua mwiko. "Nitapika parking?"

Kesho yake Binti alitukusanya kwenye korido, akapiga makofi. "Sawa, guys. Kuanzia leo tunaenda agile."

Mpishi akainua mkono. "Madam, ni wapi huko? Tutarudi saa ngapi?"

Akatueleza. Badala ya kupanga mambo ya mwaka mzima na kugundua mwishoni kwamba tulikosea mwanzoni, tutafanya kazi kwa vipande vya wiki mbili mbili, na kila kipande kiishe na kitu cha kuonyesha. Kazi zote zitaandikwa kwenye vikaratasi vya manjano, zibandikwe ubaoni, zihamishwe kadiri zinavyokwenda. Na kila siku saa tatu asubuhi, kabla sufuria haijawashwa, tutakutana kwenye korido robo saa tukiwa tumesimama, na kila mtu atajibu maswali matatu: jana ulifanya nini, leo utafanya nini, na ni nini kinachokuzuia.

Mambo haya yote huko alikotoka yalikuwa na majina ya Kiingereza. Mimi nilikuwa nimeajiriwa kwa ajili ya siku kama hiyo. Nikaenda ofisini kwangu, yaani stoo yenye dirisha, nikafunga mlango, nikatoka baada ya saa mbili na orodha iliyopigwa chapa safi. Zile wiki mbili, ambazo Binti aliziita sprint, nikaziita mbio. Mkutano wa asubuhi nikauita kusimama. Maelezo ya anachotaka mtumiaji wa dawa nikayaita hadithi. Kazi zinazosubiri zamu yake nikaziita viporo, kama vile timu ya mpira inavyokuwa na mechi za kiporo, zile zilizoahirishwa. Na mtindo wenyewe, huo wa agile, nikauita Mbinu Nyepesi.

"Mwalimu," Binti akasema kwa upole, "si tuseme tu sprint? Kila mtu anajua sprint."

"Mpaka lini tutakuwa tunaazima maneno kama chumvi kwa jirani?" nikamjibu. Nilikuwa nimeiandaa sentensi hiyo kule stoo.

Mpishi alisoma orodha yangu taratibu, kidole chini ya kila neno. "Hii nyepesi siipendi," akasema. "Dawa nyepesi ni maji. Dawa inafaa kuwa nzito."

"Si dawa iliyo nyepesi. Ni mbinu."

"Na hii kiporo. Kiporo ni ugali ya jana."

"Ugali wa jana," nikamsahihisha, nikaipeleka orodha kwenye faili.

Naomba msomaji aukumbuke ugali huo.

Sasa, kiwanda cha dawa si kampuni ya kompyuta. Kiwanda cha dawa kina sheria. Karatasi yoyote iliyoandikwa jambo la kazi ni rekodi, na rekodi haitupwi. Ukikosea, hufuti, unapiga mstari mmoja ili kosa lisomeke, unatia sahihi na tarehe. Badiliko lolote linataka sahihi mbili. Kazi ikisimama hata dakika moja, sababu iandikwe. Mimi ndiye niliyekuwa mlinzi wa sheria hizo, na kusema kweli nilizipenda, kwa kuwa ni sarufi tu kwa jina lingine. Kwa hiyo siku ya kwanza Binti alipokivuta kikaratasi cha manjano kutoka upande wa Viporo ili akibandike upande wa Inafanywa, nilipiga kelele.

"Sahihi!"

"Sahihi ya nini? Nimekisogeza tu, inchi mbili."

"Ni badiliko la rekodi."

Tukakubaliana, baada ya mabishano yaliyomaliza chai ya watu wote, kwamba kila kikaratasi kitapewa namba, na kila kikihamishwa watu wawili watatia sahihi kwa nyuma. Kikaratasi chenyewe kilikuwa na ukubwa wa kiganja cha mtoto. Kufikia mwisho wa mbio za kwanza nyuma ya vikaratasi palikuwa pamejaa sahihi, ikabidi tubandike kikaratasi juu ya kikaratasi, na hicho nacho kikapewa namba. Mbinu ya wepesi ikawa na faili tatu nene ambazo hazikufunguka, kwa sababu vilivyomo ndani vilinata vyenyewe kwa vyenyewe.

Kisha kulikuwa na mvuke. Sufuria ikichemka, korido nzima ilijaa mvuke wa sukari, na vikaratasi vikaanza kudondoka. Alasiri moja Mzee aliegemea ubao akiongea kwa simu, halafu akatoka kwenda Ngara kwa mchapishaji wetu wa lebo. Alipita madukani, akasalimiana na marafiki wa utotoni, akanywa chai mahali, akanunua njugu, akarudi. Mgongoni, katikati kabisa ya koti, alikuwa na kikaratasi kilichoandikwa kwa mkono wangu mzuri: KIPORO NA. 14. KINASUBIRI KUANGALIWA.

"Ndiyo maana yule wa viatu cheka mimi," Mzee akasema, akikiangalia.

Binti alicheka mpaka akakaa chini sakafuni. Mimi sikucheka, maana rekodi ilikuwa imetoka kiwandani bila kibali. Nilikaa nikaandika ripoti ya hitilafu, ambayo nakala yake ninayo mpaka leo: "Rekodi Na. 14 iliondoka katika eneo la kazi ikiwa mgongoni mwa Mkurugenzi, ikapelekwa Ngara, na kurejeshwa ikiwa salama. Chanzo: gundi." Mzee akatia sahihi ya kwanza, mimi ya pili.

Upande wa hadithi ndio uliotupa raha zaidi. Binti alitaka kila kazi ianze na sauti ya mtumiaji: mimi kama fulani, nataka kitu fulani, ili jambo fulani liwe. Hakuna aliyekuwa na kipaji hicho kama mpishi. Alikaa kwenye debe lake la kukalia, kalamu imepotelea vidoleni, akaandika: "Mimi kama mtoto mwenye kikohozi, nataka dawa isiwe chungu, ili mama asinibane pua." Akaandika nyingine: "Mimi kama mtoto mwenye kikohozi, nataka kijiko kidogo, kwa sababu mdomo wangu ni mdogo." Chini ya kila moja akatia sahihi yake ndefu, ile ile ya kwenye karatasi za Kiingereza. Nilimwambia hadithi zake ni nzuri. Akaona haya, akaenda kukagua mabomba.

Na kazi ilienda, hilo lazima nilikiri. Dawa yenyewe, yaani kiambato kinachotuliza kikohozi, hatukuigusa. Ilikuwa imepitishwa zamani na ina sheria zake. Tulichobadilisha ni maji ya sukari yanayoibeba, na hayo tuliyaonja sisi wenyewe, watu wazima, yakiwa hayajatiwa dawa. Mbio za kwanza yalikuwa na ladha ya sabuni. Mbio za pili yalikuwa na ladha ya sabuni nzuri. Za tatu tukatia karakara, ambayo wenzangu wote waliiita passion na mimi nikavumilia, na Mzee akaonja kijiko, akaonja cha pili, akasema tumbo lake linahitaji kuhakikisha, akaonja cha tatu.

Jambo kubwa lakini lilitokea katika kusimama kwetu, asubuhi moja ya kawaida. Ilifika zamu ya mpishi. Jana nilipika, akasema. Leo napika. Binti akamuuliza kama kila siku, "Na nini inakuzuia?" Kila siku jibu lake lilikuwa hakuna. Siku hiyo akajikuna shingo.

"Ile kipimajoto ya sufuria inadanganya. Digrii mbili."

"Tangu lini?" Binti akauliza.

"Tangu zamani. Mimi huwa naongeza kwa kichwa."

Miaka yote hiyo dawa ilitoka sawa kwa sababu tu mtu mmoja alikuwa anajumlisha mbili kichwani, na siku ambayo angeugua, mwingine angesoma kipimajoto na kukiamini. Hakuna fomu yoyote iliyowahi kumuuliza. Fomu ziliuliza joto ni digrii ngapi, naye aliandika lile lililotakiwa. Kipimajoto kikabadilishwa wiki hiyo hiyo, nami nikaandika yote kwenye daftari la uzalishaji la kila siku: nani alisema, lini, kilifanyika nini. Sikujua kuwa nilikuwa naandika mstari wenye faida kuliko yote niliyowahi kuandika.

Ukaguzi ulifika. Safari hii mkaguzi alikuwa mama mmoja wa Pwani, mrefu, ushungi wa kijivu, miwani ya kamba. Alifika saa mbili kamili asubuhi, akaingia ofisini kwa Mzee, akasema, "Hamjambo nyote? Habari za hapa?"

Jamani. Moyo wangu uliruka. Nilikuwa nimeishi Nairobi miaka yote hiyo nikilishwa salamu za "sasa" na "niaje", na huyu mama akafungua kinywa na kila neno likatoka na kiambishi chake mahali pake. Alisema "vitabu vyenu". Alisema "kiwanda hiki". Nikamwambia mpishi kwa kunong'ona, "Sasa utasikia Kiswahili." Nikamletea madaftari yangu kwa mikono miwili.

Alisoma nusu saa. Mzee alikaa kwenye kona, simu imelazwa gotini. Sote tulijua namba ya yule bwana wa kiwanja iko tayari humo. Binti alisimama karibu na dirisha, na kila mara aliangalia yale mashimo ya jirani.

Mama akavua miwani. "Nani ameandika haya?"

"Mimi, mama," nikasema kwa furaha.

"Wanakuita Mwalimu?"

"Ndiyo, mama."

"Basi nifundishe." Akafungua daftari la uzalishaji. "Hapa pameandikwa: saa tatu, tulisimama. Saa tatu na robo, tuliendelea. Kesho yake, saa tatu, tulisimama. Kesho kutwa, tulisimama. Miezi yote hii kiwanda kinasimama kila siku ya Mungu, na sababu haikuandikwa hata mara moja. Umeme? Mashine?"

Nilianza kunyoosha kidole kuelekea koridoni.

"Tuendelee. Hapa: dawa mpya ilitengenezwa katika mbio saba. Mbio! Dawa ya watoto mwaitengeneza mbiombio, na mwaandika kabisa, na mwatia sahihi." Akafunua ukurasa. "Ukutani pale nje nimeona, Mbinu Nyepesi. Kwamba hampendi kazi ngumu. Haya. Ubaoni nimeona viporo. Viporo ishirini na kitu. Mwalaza dawa, kisha asubuhi mwaipasha moto?"

Kwenye kona ya ofisi, Mzee aliishika simu.

"Na hili ndilo lililonitisha." Sauti yake ilishuka. "Mimi kama mtoto mwenye kikohozi. Nyaraka tisa zimetiwa sahihi na mtoto. Mumewapa watoto dawa ambayo haijapitishwa? Mtoto huyu yuko wapi?"

Kisha mpishi, mwenye mwili wa mlango, akainua mkono polepole.

"Ni mimi, madam."

Mama alimpima kwa macho, kichwa hadi viatu. Nilitaka kueleza, na kila neno nililolishika lilikuwa ni lile lile lililotufikisha pale. Ningemwambia nini? Kwamba kusimama si kusimama? Niliona uso wa Binti na nikaona aibu ambayo sijawahi kuiona tena. Mtu huyu alikuwa amebeba vikaratasi vyake kutoka ng'ambo kuja kukiokoa kiwanda cha baba yake, na mimi nilikuwa nimekizika kwa Kiswahili fasaha.

Ndipo saa ya ukutani ikafika saa tatu, na mpishi, kwa mazoea tu, akaenda mlangoni.

"Madam, samahani," akamwambia mkaguzi. "Ni saa tatu. Lazima tusimame."

"Hata leo?"

"Leo hasa."

Tukatoka kwenye korido, sote, na mama akatufuata na daftari la uzalishaji. Tukajipanga duara. Mpishi akaanza. "Jana nilisafisha sufuria. Leo nitapika. Kitu inanizuia ni madam, amesimama mbele ya swichi." Mama akasogea hatua moja. Binti akasema jana alipanga faili, leo anakaguliwa, kinachomzuia ni hofu.

Ikafika zamu yangu.

"Jana nilipanga madaftari," nikasema. "Leo..." Sikuwa na leo. "Kinachozuia ni mimi. Maneno yote haya niliyatunga peke yangu, mlango umefungwa. Madam alisema tuseme sprint, nikamkatalia. Mpishi aliniambia kiporo ni ugali wa jana, na mimi nikamsahihisha sarufi. Sheria inataka sahihi mbili kwa kila waraka. Orodha ya maneno ina sahihi yangu tu."

Nilipoyasema hayo nilitambua jambo lingine, likaniuma zaidi. Nililetwa pale kwa sababu mpishi alikuwa ametia sahihi karatasi asiyoielewa. Nami nilikuwa nimempa karatasi nyingine ya aina ile ile, ila yenye ngeli sahihi.

Mama alilikumbatia daftari. Alimgeukia mpishi. "Baba, mbio ni nini hapa kwenu?"

"Ni wiki mbili, madam. Tunachagua kazi kidogo, tunamaliza hiyo yote, tunaonyeshana. Hakuna kukimbia. Ukikimbia sukari inaungua."

"Na viporo?"

"Kazi yenye haijafikiwa. Si chakula. Mimi nilisema."

"Na huyu mtoto?"

"Mtoto ni kufikiria tu, madam. Unajiweka kwa mahali yake. Hakuna mtoto ameonja hapa. Mimi nimeonja, na Mzee ameonja sana."

"Na kusimama?"

Mpishi alifikiri. "Ni kusema ukweli mkiwa wima."

"Kwa nini wima?"

"Mtu akikaa, ataitisha chai."

Mama aliinamisha kichwa juu ya daftari na mabega yake yakatikisika kidogo. Alipoinua uso alikuwa mkaguzi tena. Akafunua mpaka ukurasa wa kipimajoto, akauonyesha. "Na hii habari ya digrii mbili ilitokea katika kusimama huku?"

"Ndiyo," Binti akasema.

"Madaftari yenu ya zamani niliyasoma kabla sijaja. Miaka na miaka, hakuna kosa hata moja. Hayo ndiyo yaliyonitia shaka." Akalifunga daftari. "Nitaandika barua."

Akaaga kwa heshima zote, akaondoka, na hatukujua lolote. Nilikaa siku zilizofuata nikisubiri kufukuzwa. Yule bwana wa kiwanja alikuja mara mbili, na mara ya pili alikuja na fundi wa kupima ardhi, ambaye alipiga kigingi karibu na mlango wa jikoni. Mpishi alikining'inizia aproni yake.

Barua ilipofika Mzee aliisoma peke yake, akaingia kwenye gari, akaenda nyumbani Muthangari. Hata Binti hakuambiwa imesema nini. Kesho yake saa tatu tulikuwa kwenye korido kama kawaida, tumesimama, na hakuna mwenye hamu ya kuanza. Mlango ukafunguka, Mzee akaingia. Hakuwahi kusimama nasi hata siku moja. Alikuwa akisema miguu yake ni ya kukalia. Akaingia kwenye duara kati ya mpishi na mimi, akampa Binti barua. Leseni ilikuwa imetoka. Dawa ilikuwa imepita. Sharti lilikuwa moja: orodha ya maneno iandikwe upya, na kila neno liidhinishwe kwanza na mpishi.

Hakuna aliyeshangilia, maana ahadi ya Mzee ilikuwa ya mdomo tu, hati ya kiwanja bado ilikuwa na jina lake, na kigingi bado kilikuwa pale nje. Mzee akakohoa.

"Jana," akasema, "mimi nataka uza hii kiwanja. Leo mimi hapana uza."

Akatia mikono mfukoni, kana kwamba amemaliza. Binti alikuwa analia, lakini utaratibu ni utaratibu. "Na nini inakuzuia, Papa?"

Mzee akamtazama, akamtazama mpishi, akatazama sufuria kupitia mlango ulio wazi.

"Nyinyi," akasema. "Nyinyi nazuia mimi."

Nilisikia makosa ya kutosha kujaza ubao mzima. Nikafungua daftari, nikaandika maneno yake kama alivyoyasema, sikugusa hata herufi. Nikatia sahihi yangu, kisha nikampa mpishi atie yake.